Mfupa wa Nani? Maisha ya Dada Yetu, Mtangazaji wa Stesheni

Ndugu waombolezaji, familia imenikabidhi mimi, kitinda mimba na mkaguzi wa mizani, kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu mpendwa, nami naomba mnivumilie, maana kila tarehe nimeihakiki mwenyewe.

Dada alizaliwa tarehe 9 Mei 1961, mtoto wa pili wa fundi cherehani na mkunga, ingawa cheti kinasema tarehe 11, na karani aliyekiandika sijamwamini hadi leo. Alianza shule mwaka 1968, akamaliza kidato cha nne mwaka 1978, na mwaka 1980 akaajiriwa stesheni ya treni kuwa mtangazaji, kazi aliyoifanya miaka thelathini na sita, kwa sauti ambayo hata aliyeachwa na treni alisimama kuisikiliza. Tarehe 14 Desemba 1985 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi umeme, niliyemchunguza miezi mitatu nisimwone na kosa, jambo lililonitia shaka zaidi, wakajaliwa mabinti wawili na mwana mmoja.

Januari mwaka huu wa 2023 jino lake la mbele lilivunjika, akawa anazungumza huku amefunika mdomo kwa kiganja, akihofia kwamba ile sauti ndiyo basi tena. Daktari wa meno alimshauri kwamba jino likishang'olewa, tundu lijazwe palepale chembechembe za mfupa, ili taya isisinyae, na baada ya miezi kadhaa iweze kushika jino la kupandikiza. Nikauliza mfupa wenyewe ni wa nani, nikajibiwa ni wa ng'ombe, umesafishwa, nikauliza ng'ombe gani na nani alimwona akichinjwa, nikamkataza dada katakata, akaniambia haya, mdogo wangu, nimeacha, nami nikaridhika.

Alifariki ghafla tarehe 12 Agosti, kwa kiharusi. Juzi, nikitafuta tarehe za ugonjwa wake, nilifungua kadi yake ya kliniki, nikakuta kwamba jino liling'olewa na tundu likajazwa mfupa siku hiyohiyo, tarehe 6 Februari, picha ya Juni ilionyesha mfupa umeshika vizuri, na jino jipya lingepandikizwa tarehe 21 Agosti. Nilikwenda mbio kwa daktari wa wodi, nikamuuliza mara tatu kama ni ule mfupa uliomuua, akanijibu mara tatu kwamba ni shinikizo la damu, la siku nyingi. Nikamgeukia shemeji, ndipo nikajua kwamba yeye ndiye aliyekuwa akimpeleka, watoto walijua, hata jirani muuza maua aliyemletea supu alijua, na nyote mliambiwa mnyamaze nikiingia. Imeniuma, wala siwafichi kama mlivyonificha.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, wafanyakazi wenzake wa stesheni, na daktari wa meno aliyeketi pale nyuma, ambaye nimemkazia macho tangu asubuhi, naye hana kosa.

Dada, ungeniambia tu, ningegomba siku mbili, ya tatu ningekusindikiza. Pumzika kwa amani.