Picha Ambayo Bi. Amparo Hakuiweka Madhabahuni

Ijumaa, tarehe 15 Novemba 2024, Bi. Amparo Zertuche anastaafu baada ya kuitumikia Nyumba ya Sanaa ya El Huizache, hapa San Antonio, kwa miaka thelathini na mmoja. Sisi tuliotundika fremu mbele yake tunajua kwamba alizaliwa na pimamaji machoni. Ukipindisha fremu kwa unene wa kucha, unaitwa urudi.

Alianza kama mfagiaji mwaka 1993. Miaka mitatu baadaye alikuwa msimamizi wa maonyesho, kwa kuwa ni yeye tu aliyejua kila picha ya familia ni ya nani, nani alichuma pamba, na nani alinuniana na nani harusini. Maonyesho yake ya picha za harusi za mtaani yalijaza ukumbi hadi foleni ikafika barabarani. Bibi mmoja alimkuta marehemu mumewe ukutani, akagoma kuondoka mpaka aletewe kiti.

Lakini kilichompa jina ni madhabahu ya Siku ya Wafu, siku ambayo huaminika marehemu hurudi kula na jamaa zao. Kila mwaka familia huleta picha za marehemu wao, naye huzipanga katikati ya mishumaa, maua ya manjano na mkate mtamu.

Mwaka 1998 aliteleza. Familia ya Ozuna ilileta bahasha ya picha, naye akazipanga zote, pamoja na ya Mzee Fidencio, fundi viatu, aliyekuwa mzima kama chuma. Siku ya ufunguzi mzee akaingia, akajikuta katikati ya mishumaa.

“Amparo, mwanangu,” akasema, “si ungesubiri nile kwanza ndipo unizike?”

Akaitoa picha yake mwenyewe, na mkate akaondoka nao. Tangu hapo hakuna picha iliyopanda madhabahuni kabla ndugu hajaandika nyuma yake, kwa mkono wake, jina la marehemu na jinsi alivyokufa.

Sheria hiyo ilimbana Bi. Amparo mwenyewe kuliko yeyote. Mdogo wake, Eleuterio, aliondoka mwaka 2001 kwenda kutafuta kazi kaskazini, na hajasikika tena. Kila Oktoba dada yao mkubwa, Bi. Hortensia, huja ofisini kumsihi.

“Mdogo wangu, muweke basi. Wenzake wote wanakuja kula, yeye atakula wapi?”

“Nyuma niandike nini, dada?” humjibu, na kuirudisha picha kwenye droo.

Sifichi, mimi nilikuwa upande wa Bi. Hortensia. Niliona Bi. Amparo anajitesa bure. Wiki iliyopita alinikabidhi funguo, nami nikaikuta picha palepale kwenye droo. Safari hii nyuma yake pameandikwa, kwa mwandiko wake: “Eleuterio Zertuche. Huyu si wa madhabahu. Akija, mpeni kahawa, halafu mnipigie simu.”

Nilikaa kitini nikalia, na sioni haya kusema.

Mama, asante kwa kutufundisha kwamba watu wetu hawawekwi popote kwa kubahatisha. Pumzika sasa, na fremu zetu zilizopinda zisikunyime usingizi. Tunakutakia afya njema na siku nyingi za furaha. Namba yako tumeibandika mlangoni, na birika liko jikoni.