Biskuti Zilizovimba Kabla ya Gundi

Wapendwa, mkiona naangalia chini, mniache tu. Hii maneno bado inanichoma.

Mimi ni fundi wa mbao hapa Kitale, lakini nilioa Bungoma. Juzi juzi niliwatengenezea wakwe meza. Nikawapigia simu, kifua mbele: "Haina msumari hata moja. Imeshikwa na biskuti." Si za chai, bana, msicheke! Ni vipande vyembamba vya mbao iliyokandamizwa. Unachonga nafasi kwa mbao zote mbili, unapaka gundi, unaingiza biskuti katikati. Ikinywa maji ya gundi inavimba huko ndani, inashika.

Sasa zangu niliziacha dirishani, mvua ikazipata. Zikavimba kabla ya kazi, zikakataa kuingia. Ningeuliza jirani yangu wa karakana, maana ananishinda ufundi. Lakini nilikuwa nimejisifu kwake pia. Nikachukua msasa nikazikwangua mpaka zikaingia lege lege. Juu nikapiga vanishi, meza ikang'aa.

Siku ya kuipeleka walinipigia vigelegele. Nyinyi wa kutoka Kenya ya kati labda hamjui, lakini sisi Wabukusu mtu hakaribiani na mama mkwe wala kuangaliana naye, ni mwiko. Yeye alikuwa amesimama mlango wa jikoni, anachungulia meza yake. Wakaweka sufuria ya kuku. Meza ikapasuka katikati, sufuria ikabingirika mpaka mlangoni, mchuzi moto ukamwagikia mama miguu.

Ndugu zangu, nawaambia, sikufikiria. Niliruka nikapiga magoti, nikamshika miguu nikimpangusa na koti yangu. Mimi, mkwe! Mzee mmoja akasema, "Si mumtoe huyu."

Nilirudi Kitale peke yangu. Mke alibaki kumuuguza mama yake, na sikujua kama atarudi. Nikafunga karakana, nikaenda kubeba mizigo mtaa wa Kipsongo, mahali hakuna mtu angeniita fundi. Nililia, sitaficha.

Halafu shemeji akaja na pikapu, nyuma kuna ile meza, vipande viwili vimefungwa kamba. "Mama amesema mguu umepona. Ati sasa na meza nayo ipone."

Nilibeba hivyo vipande mpaka kwa jirani, nikamwambia yote, hata ile ya msasa. Alicheka mpaka akaketi chini. Kisha akafungua mkebe wenye kifuniko cha kubana, akanipa biskuti kavu, akasimama na mimi mpaka gundi ikakauka.

Asante, jirani. Asante, mke wangu, ulirudi na hiyo pikapu ilipokuja kuchukua meza. Na wewe unayekwangua kitu ndio watu wasijue kimeharibika, tafadhali, uliza mtu mapema.

Mama mkwe hatujaangaliana mpaka leo. Lakini nikifika kwake nikaketi sebuleni, namsikia huko jikoni, upande ule wa ukuta, akigonga ile meza na ngumi, ndio nijue bado iko.