Wafalme Wawili

Kwenye kiti cha mbele yangu ndani ya basi, mpaka rangi mmoja alikuwa akimsimulia mama muuguzi mchezo wa karata wa poka aliocheza na kaka yake aliyelazwa wodini.

"Tulicheza kwa njiti za kiberiti, na kuongeza dau mwisho njiti mbili. Nilishika wafalme wawili, mama. Karata ya mwisho ilipofunuliwa, kaka akaongeza. Naye tangu utotoni hajawahi kutishia bure akiwa na karata mbovu. Nikatupa zangu."

"Ukatupa wafalme? Kwa njiti mbili? Si ungeziweka tu uone ana nini!"

"Nilimwamini."

"Kumwamini sawa, mwanangu, lakini njiti mbili!"

Mimi karata sizijui, ila hapo nilikuwa upande wa mama.

"Alizichanganya karata zake na zingine bila kunionyesha, huku akicheka," mpaka rangi aliendelea. "Nikamwambia, kesho utaniambia ulikuwa na nini. Alfajiri hospitali wakanipigia simu."

Muuguzi alishusha pumzi. "Pole sana. Basi labda alikuwa nazo kweli."

"Natamani awe amenidanganya, aondoke akiwa amenipata."

Basi likasimama. Muuguzi aliinuka, akamshika bega.

"Mimi bado ningeziweka," alisema kwa upole, akashuka.