Mwonjaji Aliyeliogopa Kila Pipa

Bi Pua, kama alivyojulikana na wengi mliofika leo, alizaliwa Jumatano tarehe 9 Juni 1948, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkewe, katika nyumba ya vyumba viwili chini ya mlima. Alizaliwa kabla ya siku zake, na mkunga akamshauri mama yake asichague jina mpaka wiki iishe. Marehemu aliisimulia habari hiyo kwa kucheka, lakini alikuwa akiongeza kwamba woga wake hakuutafuta, alizaliwa nao.

Alianza shule Januari 1956. Alikuwa hodari wa hesabu na mwoga wa kila kitu kingine: kengele, ubao, mbwa wa mwalimu mkuu. Miaka minane alikaa dawati la karibu na mlango, "nisije nikakosa pa kutokea," alisema. Mwaka 1964 macho ya baba yake yalianza kufifia, naye akaacha masomo ili amtungie uzi kwenye sindano.

Mwaka 1966 aliajiriwa kuosha chupa katika duka la dawa. Kila chupa aliinusa kwanza, kwa hofu kwamba dawa ya mgonjwa mmoja ingebaki chini ya dawa ya mwingine. Mwenye duka alimtania sana, mpaka siku alipoteremsha rafuni chupa ambayo mwenzake alikuwa amekwisha kuiosha, akasema, "Hii bado ina mafuta ya taa." Kweli ilikuwa nayo. Kuanzia hapo akaitwa Pua, na jina likamganda kama kupe.

Jumamosi tarehe 18 Septemba 1971 aliolewa na kitindamimba wa familia yenye shamba la mizabibu mlimani. Wakwe zake walitengeneza mvinyo mwekundu wa bei nafuu, mapipa kumi na mawili kwa mwaka, kwa mikono ya familia tupu. Sheria ya nyumba ilikuwa moja: pipa halimiminwi kwenye tangi pamoja na mengine mpaka mwonjaji ameonja na kusema neno. Mwonjaji alikuwa baba mkwe.

Mwaka 1973 mzee alishikwa na mafua, akamwita mkwe wake amsaidie. Bi Pua alionja, na pipa la saba lilikuwa limeanza kuchacha. Mzee akauliza, "Zuri, sivyo?" Mwali wa juzi, aliyemwogopa baba mkwe kuliko simba, akajibu, "Zuri, baba." Samaki mmoja akioza, huoza wote. Baada ya miezi miwili tangi zima lilikuwa siki, na mwaka ule familia iliuza siki. Hakuna aliyemlaumu, kwa sababu hakuna aliyejua. Alimweleza mumewe baada ya miaka kumi na mmoja, mume akacheka mpaka akashika mbavu. Marehemu hakucheka hata kidogo.

Mzee alipofariki mwaka 1976, kazi ya kuonja ikamwangukia yeye. Siku za kuonja hakula kitu asubuhi, hakunawa kwa sabuni yenye manukato, na ole wake aliyekaanga kitunguu karibu. Aliingia chumba cha mapipa mikono ikitetemeka, miaka yote, hata mumewe alipokwisha kufariki mwaka 1998. Mvinyo wenyewe mnaujua: mwepesi, una ladha kama ya zambarau zilizoiva, na mwishoni unakwaruza ulimi kidogo kama chai ya rangi iliyokaa. Wanaoununua ni mafundi, walimu, na watu wa harusi ndogo. Mwanawe alimwuliza wakati mmoja kwa nini anajitesa kwa ajili ya mvinyo rahisi namna hiyo. Alimjibu, "Tajiri akiuziwa siki atafungua chupa nyingine. Mwenye chupa moja atafungua nini?"

Januari 2020 aliugua homa kali. Alipopona, kahawa ilikuwa maji ya moto tu mdomoni mwake. Pua yake ilikuwa imekufa. Hakumwambia mtu. Alijifungia chumbani akakata kitunguu, akakisogeza puani, akakisogeza tena, kisha akakaa sakafuni.

Msimu ulipofika akaanza kumpa kikombe mkwe wake, mke wa mwanawe wa pekee. "Tangulia wewe, mwanangu, mimi koo linawasha." Mkwe, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi na hakuwahi kujidai anajua mvinyo, aliona ni heshima kubwa, na kila mara alijibu, "Zuri, mama." Marehemu hakuyasikiliza majibu yale, alijua vizuri kinywa cha mkwe husema nini mbele ya wakwe. Alikuwa akiangalia uso. Kwa misimu mitatu mapipa thelathini na sita yalipita au kukwama kwa kukunjamana kwa paji la uso. Mawili yalimwagwa, na wote wakamsifu Bi Pua.

Jumatatu tarehe 2 Oktoba 2023 alianguka katika chumba cha mapipa, akalazwa kwa ugonjwa wa moyo. Ijumaa tarehe 13 mkwe alimpelekea vichupa kumi na viwili ndani ya kikapu, kwa kuwa tangi lilikuwa likisubiri. Marehemu alivitazama, akaomba mlango ufungwe, akamwambia yote mliyoyasikia hapa.

"Miaka mitatu umekuwa ukionja wewe," alisema.

"Mama, mimi naogopa."

"Kwani mimi uliniona lini siogopi? Onja. Leo nitafumba macho, kwa hiyo useme kwa mdomo."

Mkwe alionja. Kichupa cha tisa alikionja mara ya pili. Mumewe alikuwa amekwisha kusema kwamba pipa hilo ndilo bora kupita yote tangu azaliwe.

"La tisa linaharibika, mama."

"Usiniambie mimi. Kamwambie mumeo."

Alimwambia kwenye ngazi za hospitali. Mume alionja mara tatu, hakuhisi kitu, wakabishana siku mbili nzima. Jumapili pipa la tisa likamwagwa na kumi na moja yakaunganishwa. Kama mkwe alisema kweli, au kama amemwaga mvinyo mzuri na kupitisha mbovu, hakuna anayejua. Tangi litafunguliwa mwezi ujao.

Bi Pua alipoambiwa, aliuliza tu kama mkwe alitetemeka. Akajibiwa kwamba alitetemeka sana. "Basi vizuri," akasema. Alifariki Jumanne tarehe 17 Oktoba 2023, saa tano asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na mitano.

Ameacha dada mmoja, mtoto mmoja wa kiume, wajukuu watatu, na mkwe mmoja, ambaye ndiye aliyeandika wasifu huu na ndiye anayeusoma mbele yenu. Karatasi mnaiona inavyotikisika.

Mama, lala salama, usiogope tena. Zamu sasa ni yangu.