Kabla ya Mwana, Alikuwa Baba wa Nani?

Asifiwe Bwana, ndugu zangu, asifiwe kabisa! Mimi ni Petro, niliyekuwa mfundisha katekisimu hapa misheni, Bagamoyo. Nasimama kuungama uongo nilioufundisha kwa mdomo wangu, na jinsi Mungu alivyonitoa humo.

Mnanijua, nina kimbelembele. Nilizoea kupita mtaa wa Dunda kwa Bwana Salimu, Mwislamu muuza nguo, tukabishana dini. Muungwana yule, hajanitukana hata siku moja. Siku hiyo aliniuliza kwa upole: baba humtangulia mwanawe, sivyo? Basi ulikuwapo wakati Mwana hakuwapo. Ndugu zangu, niliona haya kushindwa mbele ya wateja. Nikakubali! Jumapili ile nikawaambia wanafunzi wangu kwamba Mungu alikuwa peke yake kwanza, Mwana akaja baadaye.

Tangu hapo sikutulia. Nikikaa nasimama, nikisimama natoka nje. Nikianza Baba Yetu, neno la kwanza tu linanikwama. Kumwuliza padri naogopa, asije akaninyang'anya kazi.

Aliyenibana ni Bibi Tekla, mwanafunzi wangu mzee kuliko wote, aliyekombolewa utumwani kama mimi.

"Mwalimu, hapa kwetu mtu haitwi Baba Fulani mpaka mtoto azaliwe. Mungu wako, kabla ya Mwana, alikuwa baba wa nani?"

Nikajibu kwamba hakuwa baba wa mtu.

"Basi ubaba aliuanza. Na alichokianza, anaweza kukiacha."

Ndugu zangu, mimi nilikuwa na baba huko bara. Mwaka wa njaa aliniuza kwa chakula, nikamwona anageuka kwenda zake. Miaka yote hii nimeishi kwa kujua kwamba yuko Baba asiyegeuka. Na mimi huyo huyo nikawafundisha watu kwamba naye ana siku aliyoanza! Nilimpima Mungu kwa baba zetu.

Nililia mbele ya darasa, mtu mzima na ndevu zangu. Nikawaambia nimewadanganya: Mungu hakukosa kuwa Baba hata siku moja, kwa hiyo Mwana hakukosa kuwapo. Kisha nikamweleza padri yote. Kazi kweli kaichukua, sasa nafagia kanisa. Na Bwana Salimu bado hatukubaliani, ingawa kahawa ananipa.

Siwafichi, wasiwasi hunirudia. Lakini sala naimaliza, namshukuru Mungu! Nawe uliyeuzwa, uliyeachwa njiani, mtegemee huyu. Hakuanza kuwa Baba, wala hataacha.