Barthélemy Kisimba Mwewa, fundi aliyetengeneza lori la arusi ya binti yake

Ndugu wapendwa, majirani wa Mantapala, nanyi mliovuka ziwa kuja kulia pamoja nasi: familia imenipa mimi Camille, mdogo wake, kazi ya kusoma maisha ya marehemu. Nikisimama katikati, mnivumilie.

Barthélemy Kisimba Mwewa alizaliwa tarehe 9 Agosti 1968 huko Lukonzolwa, ng'ambo ya Kongo, mtoto wa kwanza wa mzee Mwewa, mvuvi, na mama Léonie Kabange. Tulikuwa saba. Leo tumebaki wawili.

Alisoma shule ya msingi palepale Lukonzolwa kuanzia mwaka 1975, kisha mjomba akamchukua Likasi, ambako alimaliza masomo ya ufundi wa magari mwaka 1988. Mwaka 1990 alirudi upande wetu, akawa dereva na fundi wa malori ya samaki kati ya Pweto na Lubumbashi.

Katika lori mojawapo ndipo alipompata mke wake. Yolande alikuwa abiria, amekaa juu ya magunia ya samaki wakavu. Baada ya mwendo mrefu alipiga paa la kabini kwa ngumi, akalalamika kwamba kuna kitu kinalia kwi-kwi chini yake tangu asubuhi. Madereva wengine wangecheka. Yeye alisimamisha gari, akaingia chini, akakaza kilichokuwa kinalia, akatoka na vumbi usoni akauliza, "Sasa unasikia tena?" Shemeji amesimulia jambo hili mara nyingi, na kila mara humaliza hivi: "Nikajua, huyu mwanaume anasikilizaka." Walifunga ndoa Pweto tarehe 15 Julai 1995.

Desemba mwaka 2000 vita vilifika Pweto. Marehemu alivuka kuingia Zambia kwa miguu, mtoto wao wa kwanza, Carlos, shingoni mwake, mke wake akiwa mjamzito. Gloire alizaliwa katika kambi ya Kala tarehe 2 Aprili 2001, na Vicky miaka minne baadaye. Walirudi nyumbani 2009. Bunduki zilipoanza tena 2017, walikimbia mara ya pili, na tangu Februari 2018 waliishi hapa Mantapala, kambini tena, upande huu wa Zambia. Alilima mihogo, na siku za soko alitengeneza injini kule Kashikishi. Wengi mliopo hapa mlifika na samaki wenu salama kwa sababu ya mikono yake.

Novemba iliyopita tumbo lake lilianza kuvimba. Februari madaktari walituambia kwamba ini limeharibika, tukae naye nyumbani. Kitu kimoja tu alikitaka: aione arusi ya Gloire, iliyopangwa kufanyika Puta Jumamosi tarehe 14 Juni.

Wiki mbili kabla ya arusi alikuwa hawezi tena safari. Tulikubaliana kwamba mimi nitawapeleka wote kwa lori la tajiri wangu, Ba Goodson, lile kuukuu ninaloliendesha kubeba samaki kutoka Kabuta. Siku moja nilipita nalo nyumbani kwake. Alikuwa amelala ndani. Alimtuma Vicky aniite.

"Camille, usukani ya hii gari inacheza. Minasikia inagonga."

"Yaya," nikasema, maana ndivyo tunavyomwita kaka mkubwa, "inaendaka hivi tangu Pasaka."

"Beringi ya juu imekufa. Mutoto yangu hawezi kupanda mu hii gari."

Nilikuwa nimechoka, nikamjibu, "Yaya, weye hauna tena kazi ya gari. Kazi yako njo kulala."

Aligeukia ukutani. Neno hilo, ndugu zangu, ningelirudisha kinywani kama ingewezekana.

Hakuacha. Alimpigia simu Ba Goodson mwenyewe, na Alhamisi, siku mbili kabla ya arusi, beringi mpya ikafika kwa basi kutoka Mansa. Tulimbeba hadi kwenye kabini, tukamwekea mto mgongoni. Alichora alama ya chaki kwenye mhimili ili usukani urudi ukiwa umenyooka. Mimi nilifungua nati, nikauvuta usukani, nikatoa pete inayoshikilia beringi. Ile ya zamani ilivunjika ikitoka, na gololi zake zikamwangukia mapajani, zimelika, nyingine hazipo kabisa. Aliziokota moja moja, akanionyesha. Nilitaka kumwomba msamaha. Badala yake nikamuuliza grisi iko wapi.

Mpya aliiingiza yeye mwenyewe, kwa kipande cha mbao na nyundo ndogo, akipumzika kila baada ya mapigo mawili. Tulipomaliza alifumba macho, akazungusha usukani kushoto na kulia. "Iko kimya," akasema. "Sasa mubebe mutoto wangu."

Jumamosi alfajiri Gloire alipiga magoti kando ya kitanda, akabarikiwa. Mama Carlos alitaka kubaki. Marehemu alikataa: "Mutoto ataolewa bila baba na bila mama? Enda." Tukamwacha na mama jirani yetu, Ba Agness. Usukani haukutetemeka njia nzima hadi Puta.

Ba Agness anasema kwamba mchana, saa nane hivi, marehemu alimuuliza, "Bametoka kanisani?" Ba Agness akamjibu, "Sasa beko banakula chakula ya arusi." Ba Agness aliona pumzi inabadilika, akachukua simu. Marehemu akamshika mkono. "Usibapigie. Wacha mutoto afurahi." Alifariki kabla ya saa tisa. Wakati huo sisi tulikuwa tunacheza.

Wapo wanaomnung'unikia Ba Agness kwa kutupigia simu jioni tu. Mbele ya jeneza hili nasema: aliheshimu neno la mtu anayekufa. Asilaumiwe na yeyote. Kama ni lawama, nianze mimi. Kwa maana kama mimi na Yaya tusingeitengeneza ile gari, asingekubali binti yake aipande, nasi tusingeondoka. Tungekuwa kando yake. Nimelifikiri jambo hili siku tatu, na sijapata mahali pa kuliweka. Gloire yuko hapa mbele yenu, nywele zake bado ni zile za arusi.

Marehemu ameacha mjane, Yolande; watoto watatu: Carlos na mke wake Towela, Gloire na mume wake Hugues, ambaye marehemu alimwita mkwe kwa simu tu, na Vicky; mjukuu mmoja, Memory; dada yake Florentine, aliyefika jana kwa boti kutoka Pweto; na mimi.

Bwana ampokee Barthélemy, apumzike kwa amani. Sisi bado tunamlilia.