Waliohamishwa na Maji

DADA: Haloo, unanisikia?

MDOGO: Nani mwenzangu? Namba hii siijui.

DADA: Mimi dada yako. Nimeazima simu ya mlinzi wa shule, yangu imezima.

MDOGO: Shikamoo dada. Si uko darasani saa hizi?

DADA: Marahaba. Niko mlangoni, akimaliza huyu anayeeleza utafiti wake naingia mimi. Nimemwomba Mungu njia nzima, mpaka jirani yangu kwenye basi akaniuliza kama naumwa.

MDOGO: [anacheka] Ungemwambia unaumwa saikolojia.

DADA: Usinichekeshe, nitasahau. Sikiliza nipitie haraka. Katika majaribio ya kawaida, mtafiti ndiye anayewagawa watu: nyie kaeni huku, nyie kule. Lakini jaribio la asili —

MDOGO: — mtafiti hagusi kitu. Jambo limetokea lenyewe, yeye anatazama tu. Dada, umelisoma hilo jikoni mpaka sufuria zinalijua.

DADA: Vizuri. Sasa, kiwandani kwetu paa lilitoboka. Washonaji waliokuwa chini ya tobo wakahamishiwa stoo, sisi wa pakavu tukabaki ukumbini. Mimi sikumhamisha mtu. Maji ndiyo yaliyotugawa.

MDOGO: Mm.

DADA: Na huko stoo kwenu sasa ni kicheko kutwa. Uzi ukimwishia mmoja, mwenzake anamrushia kabla hajaomba. Ukumbini kila mtu na mashine yake. Kwa hiyo chumba kidogo kinawaleta watu karibu. Unaonaje?

MDOGO: Inapendeza.

DADA: Hiyo 'inapendeza' yako naijua. Ndiyo uliyoniambia nilipokushonea gauni la harusi ya binamu.

MDOGO: Lile lilikuwa pazia, dada.

DADA: Haya. Mwalimu ana swali moja, anamuuliza kila mtu, na leo limeshaangusha wenzangu: una hakika watu hawakujichagulia upande? Nikikwama hapo narudia mwaka. Nitamjibu nina hakika. Si ndiyo? Haloo? Mtandao huu nao —

MDOGO: Nipo. Mtandao ni mzima.

DADA: Mashine yako si ililowa?

MDOGO: Yangu ilikuwa kavu. Iliyolowa ni ya Mama Miwani. Macho yake yanataka mwanga wa dirisha, na stoo halipo, nikamwambia tubadilishane.

DADA: Una moyo mzuri. Mmoja tu haharibu —

MDOGO: Chiriku naye alihama kwa hiari yake. Na Chiriku akihama, wacheshi wenzake wote nyuma. Msimamizi alitaka idadi itimie, hakujali nani anakwenda. Wewe ulikuwa umeinamia zile kola, hukuona.

DADA: [mkwaruzo kwenye simu] ...kwa hiyo chumba hakikuwachekesha. Kicheko kilikuwa chao, wakahama nacho.

MDOGO: Pole, dada.

DADA: Na wewe? Mama Miwani angebadilishana na yeyote. Kwa nini wewe, uliyekaa ubavuni kwangu?

MDOGO: Si nimekwambia, macho yake —

DADA: Mdogo wangu.

MDOGO: Ukishona unaniombea.

DADA: Hilo nalo ni kosa?

MDOGO: Kwa sauti, dada. 'Ee Mungu, mpe huyu mtoto mume mwingine, wa afadhali kuliko yule wa kwanza.' Safu nzima inaitikia amina.

DADA: Mimi nikadhani wanashiriki.

MDOGO: Wanashiriki sana. Mkata vitambaa ameshaniletea kaka yake.

DADA: [anacheka] Ungeniambia.

MDOGO: Unaniombea mema. Ningeanzia wapi? Sikiliza. Mwalimu hakijui kiwanda chetu. Mwambie maji yaligawa, upite. Kwangu halitoki.

DADA: Nimemwomba Mungu anisimamie mle ndani. Nikiingia na uongo, atasimamia nini?

MDOGO: Umesinzia juu ya vitabu jioni zote hizi, halafu urudie mwaka kwa sababu yangu?

DADA: Kwa sababu sikuuliza. Nitamweleza hivyohivyo: nilidhani ni maji, kumbe ni watu. Akinirudisha nyuma, nitarudi — ndiyo mwalimu, naja. Naitwa. Na mlinzi ameshanyoosha mkono, salio lake linaisha.

MDOGO: Dada, kesho paa linazibwa. Tunarudishwa ukumbini.

DADA: Kaa unapopenda. Usije ubavuni kwangu kwa kunionea huruma.

MDOGO: Ngoja kwanza. Nikuombee?

DADA: Sasa hivi? Kwa sauti?

MDOGO: Kwa sauti. Ee Mungu, huyu dada yangu anaingia mle peke yake, na anachokwenda kusema ni kweli tupu. Mpe mwalimu moyo wa... Haloo? Dada? [simu imekatika] Amina.